Nati za Evo haziingii Subaru

Jumapili iliyopita nilikuwa sevisi, pale magari ya rali yanapotengenezwa kati ya steji, chai mkononi, nikamsikia kijana mmoja wa Subaru WRX akiita, "Nani ana nati za akiba?" Gari liko juu ya jeki, zimebaki dakika nane, mashine ya upepo ya kufungia nati inanguruma tayari. Watu watatu wakanyoosha mikono. Mmoja wao ni wa Evo, yaani Mitsubishi. Chai ikanimwagikia.

Niliwahi kuwa kijana huyo. Basi wadogo zangu mlioanza rali za lami msimu huu, haya ndiyo niliyo nayo. Mpangilio wake msiulize.

1. Nati. Kila mtu anajua nati za Subaru ni milimita 12 kwa 1.25 na za Mitsubishi ni 12 kwa 1.5 (unene, kisha nafasi kati ya thredi). Mkiulizwa mkiwa mmekaa na nyama choma mbele yenu, mnajibu kabla swali halijaisha. Sevisini, saa ikikimbia, ujuzi huo sijui huwa unaenda wapi.

Yangu ilinipata kwenye mashamba ya chai upande wa Tigoni. Gari lilikuwa GC8 ya buluu, ile Subaru Impreza ya miaka ya tisini, na buluu hiyo ni kwa sababu ya Colin McRae na ushindi wake wa Safari Rally ya 1997 (wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, najua). Baada ya steji ya pili, steji ya kushindana na saa, si ya matatu, tulibadilisha matairi ya mbele. Nati mbili zikabingirika mtaroni. Rafiki yangu wa Evo, mkarimu kupita kiasi, akanirushia tano mpya zinazong'aa. Nilihitaji mbili tu. Nikafunga zote tano ili zifanane.

Kwa vidole ziliingia mzunguko mmoja na nusu, zikagoma. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema ni kutu, nikashika mashine ya upepo. Na zikakaza! Nati inayokula thredi na nati iliyokaa vizuri, kwa mashine ya upepo zote hulia sauti moja.

Kilomita ya kwanza, kimya. Ya pili, usukani ukaanza kutetemeka. Navigeta wangu, anayenisomea noti za kona, ambaye pia ni binamu yangu, akasema, "Kuna kitu kinagonga kushoto." Nikamwambia matairi bado baridi. Kona mbili mbele akarudia. Nikamfokea, "Wewe soma noti!" Akasoma. Alisoma kwa sauti ya mtu anayemwombea mgonjwa, na mpaka leo sauti hiyo inaniuma kuliko hasara yote iliyofuata. "Kulia nne, inakaza," yaani kona inayozidi kubana. Nikakanyaga breki, uzito ukalalia kushoto, na tairi letu likatupita. Lilitupita likiwa wima, likaruka mtaro, likaingia kwenye chai.

Diski ilichora lami mita nyingi kabla hatujasimama. Hatukuumia. Studi tano, zile bolti za gurudumu, zimenyolewa thredi, fenda imekunjamana, mkono wa chini umepinda, diski imeliwa upande mmoja. Tukiwa pale tumeshika viuno, akatokea mama mmoja mchuma chai, kikapu mgongoni, analisukuma tairi kwa mkono kama mtoto anayecheza.

"Kijana, hii ni yako?"

"Ndiyo, mama. Asante."

"Na mlikuwa mnakimbilia wapi?"

Sikuwa na jibu. Binamu yangu ndiye aliyejibu: "Tulikuwa tunarudi tulikotoka."

Niliuza rimu zangu nzuri ili kulipia matengenezo. Kwa hiyo: nati iingie kwa vidole, mizunguko mitano au sita, ndipo spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza), karibu newtonmita 90 kwa GC8, gari likiwa chini. Mashine ya upepo ni ya kufungulia.

2. Mafuta ya breki. DOT 4 mpya huvumilia nyuzi 230 na zaidi. Ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye 155. Badilisha kabla pedali haijagusa zulia.

3. Presha ya matairi ipimwe yakiwa moto, mara tu unapotoka steji.

4. Oili ijae mpaka alama ya juu ya kijiti, maana kwenye kona ndefu EJ20, injini ya Subaru hizi, huikimbiza oili mbali na mdomo wa pampu. Na petroli: injini hizi za JDM, za soko la Japani, zilipangiwa petroli ya Japani inayokaribia okteni 100. Fundi akikwambia anakuongezea busti, yaani presha ya tabo, "kidogo tu" bila kuuliza unajaza nini, mshukuru uende zako. Mimi sikwenda zangu. Pistoni namba nne iko mezani kwangu kazini, naiwekea kalamu.

5. Noti. Ukifanya reki asubuhi, ile safari ya kuandika noti kabla ya mashindano, kumbuka trekta la chai halijapita bado. Likipita, kila njia ya shamba itamwaga tope jekundu kwenye lami, kwa hiyo ziandike zote. Na nyinyi mliotoka murram, acheni kurusha gari ubavu. Wapiga picha tu ndio wanaofaidika.

6. Navigeta akisema kuna kitu kinagonga, kuna kitu kinagonga. Binamu yangu alirudi kwenye kiti chake baada ya mwaka mzima, kwa sharti kwamba nati atafunga yeye. Mpaka leo nikisogea karibu na gurudumu ananifukuza.

Yule kijana wa WRX nilimnyang'anya mashine. Akaniita mzee, akakasirika, akachelewa dakika moja kwenye kituo cha saa, akaongezewa sekunde kumi. Alimaliza steji na magurudumu manne. Hajanishukuru bado.

Nyuma ya gari langu kuna kisanduku chekundu chenye nati ishirini, zote 1.25. Mwenye Subaru aje achukue. Mwenye Evo nitampa chai.