Maswali yenu: "Tunakula mara moja kwa siku, nifunge nini tena?"

Barua karibu zote za wiki hizi ni za Kwaresima, na ni haki yake, ju tumeanza Jumatano ya Majivu 18 Februari 2026 na Pasaka inaangukia 5 Aprili, kwa iyo tuko ndani kabisa. Nimechagua tatu. Ya kwanza imenikalia moyoni tangu niipate, nitaijibu kwa urefu, mnivumilie.

Swali. Mama, nakusalimia. Mimi ni mjane, nakaa Kadutu, niko na watoto wanne, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, pembeni ya njia. Pa shirika yetu, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, walipitisha kwamba kila Ijumaa ya Kwaresima kila nyumba ifunge mpaka mangaribi, alafu ile pesa ya chakula tuilete kwa Njia ya Msalaba, faranga 1000 kila nyumba. Mkubwa wa shirika anafungua daftari anasoma mbele ya wote, fulani ametoa, fulani bado. Ijumaa ya pili jina yangu ikasomwa "bado" na watoto wangu walikuwa wamekaa pale pale. Tangu mabenki yafungwe mwaka jana watu hawanunui tena kama zamani, sisi pa nyumba tunakula mara moja tu, mangaribi. Sasa nifunge nini tena? Ao Kwaresima ni ya wale wenye kushiba? Ijumaa iliyopita sikuenda. Niache kabisa?
*Mama wa Kadutu, Bukavu*

Jibu. Mama yangu, pole sana, na asante kwa kuandika jambo ambalo wengi wanalimeza kimya. Usiache. Lakini usirudi pale umeinamisha kichwa, ju hakuna deni uliyo nayo.

Tuanze na sheria yenyewe maana watu wengi wanaichanganya. Kanisa Katoliki inaomba kufunga siku mbili tu za mwaka mzima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na inawaomba wale wenye miaka 18 mpaka 59. Na kufunga kwenyewe ni nini? Ni kula mlo mmoja kamili kwa siku, na vitu vidogo viwili pembeni ambavyo vikiwekwa pamoja havifikii mlo. Ijumaa zingine za Kwaresima ni kuacha nyama, kuanzia miaka 14. Mgonjwa, mwenye mimba, anayenyonyesha, wote hao hawadaiwi kufunga. Kwa iyo angalia vizuri Mama, kile Kanisa inaomba watu wa shibe wakionje siku mbili kwa mwaka, wewe na watoto wako ndo meza yenu ya kila siku, tena bila vile vidogo viwili. Mtu asikwambie haujafunga. Ile ya mpaka mangaribi na ile ya faranga 1000 ni mapatano ya shirika yenu, ni mapatano mazuri, mimi sina neno nayo, lakini mapatano si amri na kukosa si dhambi.

Shida iko kwa daftari, na hapa nasema wazi juu inaniumiza. Siku ya Majivu, Injili tuliyosoma makanisani mwote ni ile ya Matayo sura ya 6, unapotoa sadaka mkono wa kushoto usijue kile mkono wa kulia unafanya, unapofunga paka kichwa mafuta, nawa uso, watu wasijue. Tumeisikia Jumatano na majivu bado mbichi kwenye paji la uso, alafu Ijumaa tunafungua daftari tunasoma majina mbele ya watoto! Naamini mkubwa wenu hakufanya ivyo kwa roho mbaya, pengine aliogopa pesa isipotee na yeye aitwe mwizi, wakubwa wa mashirika wanasukumwa kila upande. Hesabu iandikwe, sawa, lakini iandikwe jumla, majina yabaki kwa Mungu. Nenda umuone kwake nyumbani, si mbele ya watu, na usiende peke yako, chukua mama mwingine anayekuelewa, mwambieni kwa heshima kile ulichoniandikia mimi, neno kwa neno, hata ile ya watoto kukaa pale. Akikataa kabisa, paroko yupo, na kumfikia paroko kwa jambo kama hili si kusengenya.

Niwaambie vile tunafanya pa shirika yetu. Kikapu kinawekwa nyuma ya mlango wa nyumba ambamo tunasali, kimefunikwa na kitenge. Kila anayeingia anapitisha mkono chini ya kitenge, kila mtu bila kuacha hata mmoja, hata mtoto, na pale tulipatana toka Ijumaa ya kwanza kwamba mwenye kuwa nacho aweke na mwenye kukosa achukue, mkono unaingia unatoka, hakuna anayejua umeweka ao umetoa. Kwaresima moja nilikuwa mimi wa kufungua. Nikakuta makopo mawili ya maharagi kwenye sashe, nusu ya kipande cha sabuni, mwiko mpya, kifungu cha mboga ya lengalenga kimeanza kulegea, na noti ya faranga 500 imekunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama kidonge. Ijumaa ya tatu kikapu kilikuwa chepesi kuliko tulivyokikuta wakati wa kuanza. Hakuna aliyeuliza. Tukaendelea na kituo cha kumi na nne cha Njia ya Msalaba, tukafunga sala, tukaenda.

Unauliza utoe nini. Kwanza, wewe unauza sambaza, na Ijumaa bila nyama nusu ya Kadutu inatafuta sambaza, kwa iyo shirika nzima inafunga kwa mikono yako, hiyo usiisahau. Alafu kama unasikia moyo unataka kutoa kitu, usitafute ile ya kutoa kwa sufuria ya watoto. Kuna mzee pa avenyu yenu ambaye hawezi kushuka kuchota maji? Mtoto wako mkubwa ampelekee bidoni moja kila Ijumaa. Kuna mama umekosana naye pa soko? Msalimie wewe wa kwanza. Hiyo nayo inaingia chini ya kitenge.

Na kuhusu kuacha shirika, acha nikukumbushe kitu. Februari 2000, wakati wa vita, Askofu Mkuu wetu Emmanuel Kataliko alizuiliwa kurudi Bukavu, akapelekwa Butembo, na hakurudi mpaka Septemba. Kwaresima yote ya mwaka ule, Matawi, Ijumaa Kuu, Pasaka, mchungaji akiwa mbali na kondoo wake. Alirudi, na wiki chache tu kisha, tarehe 4 Oktoba, akafariki Roma. Sisi tuliokuwa hapa tunajua wakati kama ule mtu anashikwa na nani: anashikwa na wale wa avenyu yake, wale wanaokuja kubisha wakiona mlango wako haufunguki. Hata 2025, Majivu ilituangukia wiki mbili na siku chache kisha mji wetu wa Bukavu kubadilika mikono kwa vita, mtu alikuwa anaogopa hata kutoka, na bado majirani walibisha. Shirika yenu imekosea kwa daftari. Irekebishwe, lakini wewe usibaki peke yako na watoto wanne nyuma ya mlango umefungwa.

Swali. Mama, pa chorale (kwaya) tunabishana. Jumapili ya Kwaresima mtu anaweza kunywa kabia kamoja ao ni kuvunja mfungo?
*Kijana wa Ibanda*

Jibu. Mwanangu, chukua kalenda uhesabu mwenyewe. Toka 18 Februari mpaka Jumamosi Kuu 4 Aprili ni siku 46. Toa Jumapili sita, zinabaki 40. Jumapili ni siku ya ufufuko, haihesabiwi kwa mfungo, kwa iyo mwenye kuacha bia kwa hiari yake akinywa moja Jumapili hajavunja kitu. Lakini nikuulize na mimi: ile pesa ya bia ya siku sita zingine inaenda wapi? Kama inakaa mfukoni ikingoja Pasaka, basi umeahirisha bia tu. Ipeleke kwa mtu.

Swali. Mama, mimi niko Goma, nafanya kazi ya kukagua mizigo. Nilikata shauri kwamba Kwaresima hii sitakula matabishi (rushwa) ya mtu yeyote. Wenzangu wananicheka, wananiita Padri, na mkubwa wangu ananiangalia vibaya kwa sababu sehemu yake ya ile pesa pia inapitia kwangu. Mke wangu anasema kufunga ni chakula, haya mengine ni kujitafutia shida. Nani ana haki?
*Baba wa watoto wawili*

Jibu. Ndugu yangu, mkeo anaogopa, na ana sababu ya kuogopa, usimkaripie. Lakini wewe umeelewa mfungo. Katika Isaya sura ya 58 Mungu anasema wazi kufunga anakokutaka ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa mkate wako.

Na wewe wa Goma unaniuliza mimi, wakati mtu wa kujibu alikuwa wa kwenu! Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma, kazi yake ilikuwa kama yako, kukagua bidhaa mpakani. Walimletea pesa apitishe chakula kilichooza, akakataa, ju alijua chakula kile kitaishia kwenye sahani za watu. Wakamuua Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa ilimtangaza Mwenyeheri kule Roma. Sikwambii haya ili utafute kufa, hapana, watoto wako wanakuhitaji. Nakwambia ili ujue hili si jambo dogo la kuchekwa.

Yeye hakuwa peke yake, alikuwa na jumuiya ya Sant'Egidio, walisali pamoja na walihudumia watoto wa njiani pamoja. Wewe uko na nani? Tafuta wawili wa shirika yako, watu wa siri, uwaambie yote, hata jina la mkubwa wako, ili siku ukitishwa kuwe na mtu anayejua. Mkeo awe wa tatu, mueleze pole pole, usiku watoto wakilala, na mpige pamoja hesabu ya vile nyumba itaishi bila ile pesa, ju hesabu ndo inamuogopesha, si Isaya.

Na Pasaka ikipita uniandikie tena. Nataka kujua ile lori ya kwanza utakayoikagua kazini kisha Pasaka ilipitaje.