Muulize Fundi wa Mtandao: Wakala anayemaliza bando

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina steshenari Sinza, kompyuta nne na ruta ya 4G. Bando la GB 100 lilikuwa linanivusha mwezi mzima. Mtoto wa kaka yangu, anasoma kompyuta chuoni, akaniwekea wakala: programu inayochungulia kurasa mbili za matangazo ya ajira na zabuni kila dakika, usiku na mchana. Tangazo jipya likitoka, napata ujumbe WhatsApp. Kazi anaiweza, wateja wamezidi. Ila bando sasa linakata kabla ya wiki mbili, na mteja akija kupakia vyeti vya maombi ya mkopo, inazunguka mpaka ananuna. Kijana anasema, "Shangazi, wakala anapunguza matumizi ya mtandao, ndivyo tulivyofundishwa." Nimfukuze wakala au nimfukuze kijana?
Mama Steshenari, Sinza

JIBU: Marahaba, mama. Usimfukuze mtu kwanza, tupige hesabu.

Ukurasa wa siku hizi, na mapicha yake na nembo zake, hufika MB 2 bila shida. Kurasa mbili ni MB 4. Siku ina dakika 1,440, kwa hiyo wakala wako anavuta MB 5,760 kwa siku, karibu GB 6. Wewe na wateja wako mlikuwa mnakula GB 3 na kitu, ndiyo maana GB 100 zilifika mwisho wa mwezi. Jumlisha: GB 9 kwa siku, na siku ya kumi na moja bando halipo. Hakuna aliyekuibia. Umemtuma mtoto dukani kila dakika akaulize kama unga umefika, na kila akirudi anakuletea rafu nzima.

Hapo kijana hajakudanganya, ila kachukua nusu ya somo. Miaka ya 1990 kampuni ya Marekani iitwayo General Magic ilitengeneza Telescript, lugha ya kuandikia programu, kwa wazo hili: badala ya kuvuta data yote ije kwako, tuma programu ndogo iende kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza data hiyo, itafute hukohuko, irudi na jibu tu. Kama data ni nzito na jibu ni jepesi, njia ya mtandao inapumua kweli. Lakini wakala aliyekaa Sinza, akivuta kila kitu kuja Sinza ndipo asome, hajapunguza chochote. Amekupunguzia wewe kubofya, basi.

Kwa hiyo mhamishe. Seva ndogo ya kukodi kwa mwezi inamtosha. Kurasa atazisomea huko, na kwenye bando lako utaingia ujumbe wa WhatsApp peke yake, tena siku yenye tangazo jipya tu. Kama tovuti yenyewe ina huduma ya kutuma matangazo kwa barua pepe, bora zaidi: jiandikishe, wakala apumzike kabisa.

Na hata akihamia huko, kila dakika ya nini? Ofisi gani hutoa zabuni saa 9 usiku? Mwambie kijana amwekee zamu ya kila saa, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Hiyo ni mara 11, MB 44 kwa siku badala ya 5,760, na bado hatujagusa picha. Asome maandishi tu. Kisha aulize kwa adabu: "Ukurasa umebadilika tangu nilipokuja mara ya mwisho?" Seva nyingi zinalielewa swali hilo, na kama hakuna kipya hujibu kwa namba 304 bila kutuma ukurasa.

Kuna jambo moja ambalo vijana hulisahau kabisa, nalo ni wakala afanye nini mtandao ukikwama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Dar nzima tuliona cha moto. Siku kama ile, wakala anayekosa jibu akarudia papo hapo, akakosa, akarudia, anazidi kuiziba njia. Hili si geni. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo ambayo mtu anatembea kwa dakika chache, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40, kwa sababu mashine zilikuwa zinatuma upya yale yale juu ya foleni. Van Jacobson akaandika dawa yake mwaka 1988: ukiona njia imejaa, punguza. Wakala wako akikosa, asubiri dakika moja, kisha mbili, kisha nne, aendelee hivyo.

Sasa kuhusu kuzunguka. Hapo namtetea wakala wako. Kushusha MB 4 ni sekunde chache katika dakika, na mteja wako anapandisha faili, hashushi. Mimi namshuku wakala mwingine ambaye hakuna aliyemwajiri. Skani zako zinahifadhiwa wapi? Kama ni kwenye folda ya nyaraka ya Windows, na OneDrive, yaani stoo ya Microsoft ya mtandaoni, imewashwa, basi kila cheti unachoskani kinapandishwa kwenda nje saa ileile mteja anapopakia chake. Njia ya kupandisha kwenye 4G ni nyembamba, inagombaniwa. Tena fikiria: vyeti na namba za NIDA za wateja wako zinakwenda kukaa kwenye akaunti ya nani? Mimi hilo lingeninyima usingizi kuliko bando. Hamisha skani kwenye folda isiyonakiliwa, na ufute za wateja waliokwisha kuondoka.

Halafu kwenye mipangilio ya waifai ya kila kompyuta, washa swichi ya "Metered connection", inayoiambia Windows kwamba intaneti hii inapimwa. Masasisho mengi yatasubiri, na OneDrive itasimama. Usiiache hivyo mwezi mzima, masasisho ya usalama unayahitaji. Jumapili duka likifungwa, izime, yashuke.

SWALI: Nauza vipuri vya magari Kariakoo na nina tovuti ndogo. Inadondoka usiku, na mwenye seva anataka nilipie kubwa zaidi. Wateja gani hao wa usiku?
Msomaji, Kariakoo

JIBU: Yaelekea si wateja, kaka. Ni roboti zinazokusanya kurasa, nyingi siku hizi kwa ajili ya kufundishia akili mnemba. Hata Wikimedia, wenye Wikipedia, walilalamika Aprili 2025: roboti ni asilimia 35 ya ziara za kurasa zao, lakini asilimia 65 ya zile zinazoigharimu seva zaidi, kwa kuwa zinafukua hadi kurasa ambazo watu hawazifungui.

Weka faili la robots.txt, linaloziambia roboti wapi zisiingie, utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, uzikataze kurasa za utafutaji na picha kubwa. Zenye heshima zitatii. Zisizotii, seva iziwekee kikomo na izijibu 429, yaani umeomba mno. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, mwambie mwenye seva akuonyeshe kumbukumbu za usiku mmoja: nani alikuja, mara ngapi, na aliomba nini.