Kama seli T ndizo wakosaji, mbona dawa inafyeka seli B?

Mkuu, swali lako si la kijinga. Umesoma kwamba kwenye MS, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, seli T (aina ya seli nyeupe za kinga) ndizo zinazoshambulia mayelini, ule utando wa mafuta unaofunika neva, halafu daktari anakuandikia okrelizumabu, dawa ya kufyeka seli B, aina nyingine ya seli za kinga. Unauliza pia kama utabaki bila kinga. Mimi nina mwaka wa nne kwenye dripu hiyo.

Seli T zinahusika kweli, lakini kuna anayezichochea. Seli B hunasa kipande cha protini, huzionyesha seli T, kisha humwaga kemikali za kuzipandisha hasira. Kilichonishawishi ni hiki: dawa hushika alama iitwayo CD20. Seli B wanayo, ila seli za plazma, ambazo ndizo kiwanda cha kingamwili (protini zinazopambana na vijidudu), hazina. Kwa hiyo kingamwili hazishuki sana mwanzoni, na bado vidonda vipya kwenye MRI (picha za ubongo) hupungua ndani ya wiki chache. Kumbe kosa kubwa la seli B ni uchochezi.

Hapohapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Kinga ya magonjwa uliyokwisha kuyajua kwa sehemu kubwa inabaki, kwa kuwa kiwanda hakijaguswa. Shida ni adui mgeni, maana seli B ndizo zinazojifunza sura yake. Maliza chanjo KABLA ya dripu, na upimwe homa ya ini B. Mimi nilizembea, nikachanjwa katikati ya dozi mbili. Kipimo cha kingamwili kikatoka karibu kapa. Najilaumu mpaka leo.

Dozi ya kwanza hugawanywa: miligramu 300, kisha 300 nyingine baada ya wiki mbili. Baadaye ni 600 kila miezi sita. Koo liliniwasha, nesi akapunguza kasi ya dripu, likatulia. Steroidi, dawa ya kuzuia mzio wanayotanguliza, ndiyo iliyonikesha macho makavu hadi alfajiri!

Tangu hapo sijapata shambulio jipya. Ila mguu wa kushoto uliokuwa mzito bado mzito. Dawa haiungi neva iliyokwisha kukatika, na seli za kinga ziitwazo mikroglia zilizojikita ndani ya ubongo wenyewe haizigusi moja kwa moja. Mguu wangu namwachia mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki.