"Nafikiri", "naona", "nawaza": kupata kitenzi chake kwa Kiingereza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika barua ya kuomba kazi ya karani wa hesabu, na imetakiwa iwe ya Kiingereza. Rafiki aliyeipitia amepigia mstari mwekundu sentensi nne: "I am thinking that I am the right person for this position", "I am considering to study accounting in the evening", "I think my age will not be a problem" na "Please consider about my application". Tena juzi, tulipokuwa tukifanya mazoezi ya usaili, nilimuuliza "How do you think?" akasema hakuna anayeuliza hivyo. Maneno yote nimeyatoa kwenye kamusi. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Maneno uliyoyachagua si mabaya. Kamusi imekupa maana ya kitenzi, lakini haikukuonyesha kinachotakiwa kukifuata, na kwenye vitenzi vya kufikiri hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Tuanze na "I am thinking that". Kiswahili kinasema "nafikiri" kwa mambo mawili tofauti: kutoa maoni, na kuwa katikati ya kazi ya kuwaza. Kiingereza kimeyatenganisha. Maoni huchukua wakati uliopo wa kawaida, "I think". Kuwaza kunakoendelea huchukua "I am thinking", na baada yake huja "of" au "about". Kipimo unacho tayari katika lugha yako. Jaribu kuiondoa "nafikiri" na kuweka "naona". Sentensi ikibaki na maana ileile, ni maoni: "Naona bei ni kubwa", yaani "I think the price is high". Ikikataa "naona" ikakubali "nawaza", ni kazi ya akili inayoendelea: "Nawaza kuhamia Dodoma", yaani "I am thinking of moving to Dodoma". Wewe ulitaka kusema "naona mimi ndiye anayefaa", kwa hiyo "-ing" haina nafasi. "Believe", "suppose" na "doubt" nazo kwa kawaida hazivai "-ing" zikitoa maoni.

Kosa hilohilo hujificha katika wakati uliopita. "Nilikuwa nafikiri umeshaondoka" watu huigeuza "I was thinking that you have left". Sema "I thought you had left". Kiswahili kina "nilidhani", ambayo mara nyingi humwambia msikilizaji kwamba dhana yenyewe imeshaanguka. Kiingereza hakina kitenzi maalumu cha kazi hiyo: hutumia "I thought" ileile na kukaza sauti kwenye "thought". Kwa maandishi, ambako sauti haisikiki, "I had assumed" hufikisha ujumbe vizuri zaidi. "I was thinking" nayo ina mahali pake, hasa unapopendekeza jambo kwa upole: "I was thinking we could meet on Friday".

Sasa "consider". Hapa ni vizuri uyaone maumbo ya Kiswahili chenyewe. "Fikiri" ikitiwa kauli ya kutendea inakuwa "fikiria", na maana ya "kuhusu" inakuwa imeshaingia ndani ya kitenzi, ndiyo maana tunasema "fikiria ombi langu" bila kuongeza neno. "Think" ni kama "fikiri" tupu: inahitaji kihusishi nje, "think about my application". "Consider" ni kama "fikiria": kihusishi kimeshamezwa. Ukiandika "consider about" umekitia mara mbili. "Discuss" iko hivyohivyo, na "discuss about" ni kosa ninalolikuta hata kwenye ripoti za maofisini.

Kitenzi kingine kikifuata, Kiswahili huweka "ku-": nafikiria kusoma, nawaza kuhama. Hiyo "ku-" inatuvuta kuandika "to", lakini "consider", "imagine", "contemplate", pamoja na "think of" na "think about", zote hutaka "-ing". Kwa hiyo "I am considering studying accounting". Masikio yakichoshwa na "-ing" mbili zinazofuatana, weka nomino: "I am considering an evening course in accounting". Mimi ningechukua hii ya pili. Usije ukashtuka ukikuta "She is considered to be the best": hapo maana ni "anahesabiwa kuwa", na "to" ni halali.

Kati ya "think of" na "think about" ipo tofauti ndogo yenye manufaa. Unapopanga jambo, zote mbili zinafaa. Lakini "Can you think of a name?" ni kutafuta jina likujie kichwani, ilhali "Think about the name" ni kukaa na jina hilo ukilipima.

Kwa "I think my age will not be a problem", sarufi haina kosa, ila ukanushi umekaa mahali tunapouweka sisi. Sisi husema "nafikiri hatakuja". Mwingereza kwa kawaida hukanusha kule kwenye kufikiri: "I don't think he will come". Ndivyo ilivyo kwa "think", "believe", "suppose", "imagine" na "expect". "Hope" haikubali: ni "I hope he won't come", na jibu fupi ni "I hope not". Kwa "think", majibu mafupi ni "I think so" na "I don't think so", wala si "I think yes". Hata hivyo sentensi hiyo ya umri ningeifuta kabisa. Msomaji wako hajauliza, na ukiigusa utampa shaka ambayo hakuwa nayo.

"How do you think?" imetoka kwenye "unaonaje?". Kwa Kiingereza "how" huuliza njia, kana kwamba unamuuliza mtu akili yake inafanyaje kazi. Sema "What do you think?" Swali likiwa refu, kama "Unafikiri wanataka nini?", neno la kuuliza huja mwanzo na sehemu ya pili hubaki katika mpangilio wa kawaida: "What do you think they want?"

Kuhusu kuzaa mawazo, usiandike "I created an idea". Wazo likikujia lenyewe, ni "It occurred to me that". Ukilitafuta mpaka ukalipata, ni "I came up with". Kubuni mpango au njia kwa makini ni "devise". "Conceive" inafanana sana na "tunga" yetu: hutumika kwa mpango na kwa mimba pia, kwa hiyo angalia sentensi isije ikaleta maana mbili. Katika maandiko ya miradi utakutana na "envisage", yaani kuona mapema jambo linaloweza kutokea. Wamarekani hupendelea "envision". Na "I was wondering if you could help me" si kushangaa, ni ombi la heshima. Kushangaa ni "wonder at".

Jambo la uzito wa maneno nalo ni muhimu kwenye barua. Kama "tafakari" inavyosikika nzito kuliko "waza", ndivyo "consider" na "envisage", zilizoingia Kiingereza kutoka Kifaransa, zinavyosikika rasmi kuliko "think over" na "think up". "I guess" na "I reckon" ni za mazungumzo. "I assume you will call me" inasikika kama umeshajihakikishia, iache.

Kwa usaili, "think" na "thought" hutamkwa kwa "th" ya "thelathini", si "s", wala si "dh" ya "dhani".

Barua yako basi isomeke hivi: "I believe I am the right person for this position. I am considering an evening course in accounting. I would be grateful if you would consider my application."