Desdemona na Emilia: mtiifu ni yupi?

SWALI: Tumepewa insha ya kulinganisha ndoa ya Desdemona na ya Emilia katika Othello, tamthilia ya Shakespeare. Niliandika kwamba Desdemona ni mke mtiifu na Emilia ni mkaidi. Mwalimu akanirudishia: "Juujuu mno." Nimekosea wapi?

JIBU: Umesoma mwisho ukasahau mwanzo. Huyo unayemwita mtiifu ameolewa kwa siri. Mbele ya Mtawala wa Venice (sehemu ya 1, onyesho la 3) anamwambia baba yake kwamba, kama mama alivyomtanguliza mume mbele ya babaye, naye atafanya hivyo hivyo. Halafu anaomba amfuate Othello hadi Cyprus kwenye vita. Ukaidi gani tena unautafuta?

Emilia ndiye anayeanza na utii. Anaiokota leso ya bibi yake, Desdemona, na kumkabidhi mumewe, Iago, kwa kuwa tu ameiomba mara nyingi. Ya kazi gani, hajui. Desdemona anapoihangaikia (3.4, yaani sehemu ya 3, onyesho la 4), Emilia anasema hajui ilipopotelea. Wanaompenda Emilia huruka mstari huo, na insha zao hupwaya papo hapo, maana bila uongo ule mfupi hila ya Iago ya kumfanya Othello aamini kwamba mkewe anamsaliti ingeweza kufumuka mapema.

Kwa hiyo usimpe kila mmoja nusu ya insha. Fuata mwelekeo wao: mmoja anaanza kwa kusema na kuishia kumficha mumewe, mwingine anaanza kwa kunyamaza na kuishia kumfichua. Desdemona, pumzi zikimwisha baada ya Othello kumkaba, anaulizwa nani kamtenda hivyo. Anajibu hakuna, ni yeye mwenyewe. Dakika chache baadaye Iago anamwamuru Emilia arudi nyumbani. Emilia anakiri kwamba kumtii ni wajibu wake, ila si sasa. Kisha anafichua siri ya leso, na Iago anamuua.

Aya yako nene iwe ya 4.3, wawili hao wakiwa peke yao chumbani. Desdemona haamini kama kuna mke anayeweza kumsaliti mumewe hata akipewa dunia nzima. Emilia anasema dunia ni kitu kikubwa (utani huo usiupuuze), kisha anawabebesha waume lawama: wake nao wana macho, pua na ulimi wa kuonja. Angalia lakini toleo ulilo nalo. Chapa ya 1622 haina hotuba hiyo ya waume. Imo katika ile ya 1623. Matoleo mengi ya shuleni huunganisha zote mbili, ila baadhi ya maonyesho jukwaani huikata, basi nukuu kutoka kitabuni.