Maswali ya Wasomaji: Ziwa Lipo, Mbona Mzigo Huja kwa Lori?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaagiza vigae na mabati kupitia Dar es Salaam, na ghala langu liko Luzira, karibu kabisa na bandari ya Port Bell. Husemwa kwamba usafiri wa majini ni nafuu kuliko mwingine wote, lakini wakala wangu wa forodha hunishauri kila mara nitumie lori. Je, ananipotosha?
Msomaji, Kampala

JIBU: Ndugu msomaji, wakala wako hakupotoshi. Ni kweli kwamba tani moja ikisafirishwa majini hutumia mafuta machache kuliko ikipita barabarani, lakini katika safari fupi, iwe ya Ziwa Victoria au ya pwani za Ulaya, gharama nzito iko gatini. Meli ya bahari kuu hugawanya ushuru wa bandari na malipo ya kupakia na kupakua katika maelfu ya kilomita, ilhali ile ya Mwanza hadi Port Bell huyagawanya katika kilomita 300 na ushei. Lori, kwa upande wake, huchukua kontena bandarini na kulifikisha mlangoni pako bila kuliinua tena njiani.

Ndiyo maana meli za mabehewa, kama MV Kaawa ya Uganda na MV Umoja ya Tanzania, zina maana kubwa. Kwa kuwa reli ya zamani ya nchi zote mbili ina upana wa mita moja, behewa lililopakiwa Dar es Salaam husukumwa na kichwa cha treni hadi kwenye reli zilizo ndani ya meli, likafungwa kwa minyororo, kisha likavutwa nje Port Bell mzigo ukiwa haujaguswa. Wapakiaji hupanga mabehewa kwa uangalifu kulia na kushoto ili meli isilale upande. Kwa mafuta, meli ya Kabaka Mutebi II hubeba zaidi ya lita milioni 4 kwa safari moja, shehena ya malori zaidi ya 100, na pampu ndiyo inayofanya kazi ya kupakua.

Udhaifu wetu uko katika ratiba, na hili linanisikitisha. Tangu MV Kabalega ilipozama mwaka 2005 baada ya kugongana na MV Kaawa, meli zimekuwa chache, na moja ikiingia matengenezo, mzigo wako hukaa Mwanza ukisubiri. Aidha, Uganda huagiza mizigo mizito kuliko inayouza nje, hivyo anayelipia mabehewa yanayorudi matupu ni wewe mwagizaji. Kwa maoni yangu, safari za uhakika kila wiki zingetufaa kuliko meli moja kubwa zaidi.

Hata hivyo, vigae na mabati haviozi. Ukiwa na shehena ya kujaza mabehewa kadhaa, omba bei moja ya kutoka Dar es Salaam hadi ghalani kwako, na uulize kwa maandishi ni nani atakayelipa faini ya kuchelewesha kontena endapo meli haitaondoka siku iliyoahidiwa.