Kujenga titi upya baada ya mionzi: usiharakishwe

Mama aliyekatwa titi kwa saratani na kumaliza mionzi kwa kawaida huuliza kwanza, "Lini nitajengewa jingine?" Kabla ya tarehe, tafuta karatasi. Uwe unatibiwa hospitali ya KCMC hapa Moshi au umetumwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, omba muhtasari wa mionzi yako: siku ya mwisho, idadi ya mara, jumla ya dozi kwa grei, kipimo cha mionzi (mara nyingi grei 40 kwa mara 15, au grei 50 kwa mara 25) na kama kwapa nalo lilipigwa. Bila hiyo, daktari wa upasuaji atakuwa anakisia.

Mionzi huharibu mishipa midogo ya damu. Ngozi hukakamaa, haivutiki, na kidonda huchelewa kufunga. Uharibifu huo huendelea ndani kwa miezi mingi hata rangi ya juu ikisharudi, ndiyo maana madaktari wengi husubiri angalau miezi 6, wengine mwaka.

Kifuko cha silikoni huonekana njia rahisi, upasuaji mfupi na siku chache wodini. Lakini mwili hujenga ganda la kovu kuzunguka kila kifuko, na kwenye kifua kilichopigwa mionzi ganda hilo hukaza mara nyingi zaidi: titi linakuwa gumu, linapanda juu, linauma. Ngozi nyembamba ikifumuka au usaha ukiingia, mara nyingi hakuna budi kukitoa. Ukiahidiwa kifuko peke yake, uliza kwa nini, na usione haya kutafuta daktari wa pili.

Nyama ya mwili wako mwenyewe huja na damu yake, kwa hiyo hustahimili zaidi. Msuli mpana wa mgongoni huzungushwa kupitia kwapani ukiwa bado kwenye mshipa wake. Baadaye maji hujikusanya mgongoni na kuvutwa kwa sindano, tena na tena, na nguvu ya bega hupungua kiasi. Titi lenyewe huwa dogo. Nyama ya tumboni hutoa titi kubwa zaidi, ila ikichukuliwa pamoja na msuli, ukuta wa tumbo hudhoofika na ngiri inaweza kutokea. Ikichukuliwa bila msuli, mishipa huunganishwa kwa hadubini, kazi ya saa nyingi, kisha titi hukaguliwa saa kwa saa usiku na mchana, maana mshipa ukiziba, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji hapo hapo. Kwa hiyo uliza timu imefanya wangapi, na nani hukesha. Kovu la kujifungua kwa upasuaji lililo chini ya tumbo mara nyingi halizuii. La wima lionyeshe mapema.

Pima pia kazi zako za nyumbani. Baada ya upasuaji wa tumbo, wiki 6 hadi 8 hakuna ndoo wala mkungu wa ndizi. Nani atakata majani ya ng'ombe? Swali hilo lijibiwe na familia kabla ya kusaini. Wakwe na mume wasikusukume. Kidonda ni chako.

Sigara na ugoro viachwe angalau wiki 4 kabla. Sukari itulie, damu ipimwe. Unayemeza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani ya titi isirudi, mwambie daktari, kwa kuwa huongeza hatari ya damu kuganda, lakini usiikatishe mwenyewe.

Wakati unasubiri, titi la nje, la bandia la kuvaa ndani ya sindiria, linasaidia sana. Ngozi ikishafunga kabisa, anza na la pamba, jepesi. Baadaye ongeza uzito ulingane na titi lililobaki, la sivyo bega na shingo vitauma: kifuko kidogo cha mtama mkavu katikati ya pamba kinatosha, ukitoe kabla ya kufua. Sindiria ya mtumba yenye mikanda mipana, isiyo na waya, fundi huishonea mfuko wa ndani.

Na ukiamua kubaki hivyo hivyo, huo ni uamuzi kamili, hudaiwi maelezo na mtu. Bado unaweza kuomba nyama iliyoning'inia kwapani irekebishwe. Ngozi ni ile ile ya mionzi, kwa hiyo nayo isubiri miezi yake.